Mzizi, Panya na Ng'ombe: Kisa cha Tramadoli Kaskazini mwa Kameruni

Mwaka 2013 jarida la kemia la Ujerumani liitwalo Angewandte Chemie lilichapisha makala fupi iliyotangaza jambo ambalo halikuwa likitazamiwa na mtu. Watafiti wa Ufaransa, Uswisi na Kameruni, miongoni mwao Michel De Waard wa Grenoble, walieleza kwamba katika gome la mizizi ya mti mmoja wa savana ya Kameruni wameikuta tramadoli. Jina hilo si geni kwa msomaji aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Ni dawa ya kutuliza maumivu makali, iliyobuniwa mwaka 1962 katika maabara ya kampuni ya Grünenthal huko Ujerumani, ikaanza kuuzwa nchini humo mwaka 1977. Kwa muda wa nusu karne kila mtu aliihesabu kuwa kazi ya mikono ya wanakemia, isiyo na jamaa yoyote porini. Sasa ilidaiwa kwamba mti ulikuwa ukiitengeneza siku zote, na kwamba waganga wa kaskazini mwa Kameruni walikuwa wakiwanywesha wagonjwa wao dawa ileile kabla Mjerumani yeyote hajaiwaza.

Katika kurasa hizi twakusudia kukisimulia kisa hicho tangu asili yake hadi kilipofikia mwaka 2016, kwa sababu habari ya kwanza ilienea mbali kuliko zile zilizoifuata, na bado ni rahisi kuikuta ikinukuliwa peke yake, kana kwamba hakuna lililosemwa baadaye. Tena kisa hiki chahusu zaidi ya mti mmoja. Kupima kama mmea watuliza maumivu ni kazi moja; kujua kitu kinachotuliza kimetoka wapi ni kazi ya pili. Historia ya upimaji wa dawa za miti imeitendea haki kazi ya kwanza, na mara nyingi imeichukua ya pili kuwa imekwisha jibiwa.

Mti wenyewe wataalamu wa mimea waliuita Nauclea latifolia, na siku hizi hupendelea kuuita Sarcocephalus latifolius. Ni mti mdogo, mara nyingine kichaka tu, wenye maua meupe yaliyokusanyika kama mpira na matunda mekundu yenye nyama ambayo watu hula. Huota katika savana za Afrika ya tropiki kuanzia Senegali hadi Uganda, na nchini mwetu pia. Ukoo wake ni ule wa kahawa na wa kinkina, yaani mti wa kwinini uliopandwa katika milima ya Kivu na ambao kwa ajili yake kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kilipata jina. Ujamaa huo haukuwapita watu wa zamani. Katika miaka ya 1880 gome la mti wetu lilifika Ufaransa kutoka pwani ya Afrika ya Magharibi kwa jina la doundaké, likisifiwa kuwa kinkina ya Kiafrika kwa ajili ya homa. Wanasayansi wengine wa Ufaransa wakadai wamepata ndani yake alkaloidi, wakaipa jina la doundakine. Wengine wakalichunguza gome hilohilo na kuikana alkaloidi hiyo. Hivyo ugomvi wa mwaka 2013 haukuwa wa kwanza kuzuka juu ya mti huu, nao ule wa kwanza ulikuwa wa namna ileile: je, kilichomo kwenye chupa ya mwanakemia kilikuwamo kwenye mti?

Hapa tuongeze neno moja la lugha. Katika Kiswahili uchungu ni ladha ya shubiri na ni maumivu ya mwili pia. Mama mzazi hushikwa na uchungu, na dawa ya mizizi huwa na uchungu. Lugha yetu imeyaweka mahali pamoja maradhi na ladha ya tiba yake. Jambo la kustaajabisha ni kwamba njia hiyohiyo ya ladha ndiyo iliyomfikisha padri Mwingereza Edward Stone kwenye ugunduzi wake. Alionja gome la mti ambao Wafaransa huuita saule, unaoota kando ya maji, akaona uchungu wake wafanana na wa kinkina. Akalikausha, akalisaga, akawapa watu wapatao 50 wenye homa, na mwaka 1763 akaiarifu Jumuiya ya Kifalme ya London. Kutokana na gome hilo Johann Buchner wa Munich alipata salisini mwaka 1828, na baada ya hatua nyingine nyingi kampuni ya Bayer ikaanza kuuza aspirini mwaka 1899. Stone hakuwa na panya wala mizani ya kemia. Alikuwa na ulimi, na wagonjwa wake.

Upimaji kwa wanyama, ambao leo huonekana kuwa ndio mlango wa lazima kwa kila mmea, ni mambo ya karne ya 20, na sehemu kubwa yake ilitengenezwa kwa ajili ya dawa za viwandani. Mwaka 1944 Woolfe na MacDonald walieleza kipimo cha bamba la moto: panya huwekwa juu ya metali iliyopashwa moto, nyuzi 55 hivi kama ilivyokuja kuzoeleka, na mtafiti huhesabu sekunde hadi mnyama alambe nyayo au aruke. Dawa iliyokuwa ikipimwa ni pethidini. Mwaka 1959 Koster na wenzake walileta kipimo cha asidi ya siki: asidi hiyo hudungwa tumboni mwa panya, naye hujinyonganyonga, anayejinyonganyonga mara chache kuliko wenzake huhesabiwa kuwa amepata nafuu. Mwaka 1962, mwaka uleule wa tramadoli, Winter, Risley na Nuss walionyesha huko Marekani jinsi ya kuuvimbisha unyayo wa panya kwa kudunga karagenani, kisha kupima ukubwa wa uvimbe saa baada ya saa. Karagenani hutokana na mwani. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 wanawake wa Unguja na Pemba wamekuwa wakilima mwani wa aina hiyo na kuuuza nje, nao huenda wasijue kwamba zao lao ni jamaa wa kitu kilichovimbisha nyayo za panya katika maabara zote za dunia. Mwaka 1977 Dubuisson na Dennis wakaongeza kipimo cha formalini, chenye sifa ya kuleta maumivu kwa awamu mbili: ya kwanza ni ya dakika chache, ambayo ni maumivu ya mshipa uliochomwa, ya pili huja baada ya kituo, nayo yahusiana na uvimbe unaoanza.

Kwa nini tofauti hizo zina maana? Kwa sababu dawa hazitulizi kwa njia moja. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, vitu vinavyochochea uvimbe, joto na maumivu pamoja, na kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Morfini haifanyi hivyo. Hufanya kazi katika uti wa mgongo na ubongo. Panya aliyepewa aspirini huweza kuvimba kidogo tu baada ya karagenani, lakini juu ya bamba la moto hukaribia kuwa sawa na asiyepewa kitu. Panya wa morfini hulivumilia bamba. Ndipo mtafiti mwenye mmea asioujua huupitisha katika vipimo vyote hivi, na kutokana na mpangilio wa majibu hukisia kama mmea wake u upande wa aspirini au upande wa morfini.

Vipimo hivi vina hila zake, na si haki kuzificha. Mmea unaolegeza misuli au kumlaza panya utamfanya akawie kuruka, ingawa maumivu hayajapungua hata kidogo. Ndiyo maana watafiti waangalifu humweka panya juu ya gogo linalozunguka ili waone kama bado anaweza kujishika. Kujinyonganyonga hupungua pia kwa dawa ambazo hakuna daktari angeziita za maumivu. Na mara nyingi mganga humnywesha mgonjwa maji ya mzizi uliochemshwa, ilhali maabara hudunga tumboni kitu kilichokamuliwa kwa pombe kali. Lakini hila iliyo kubwa kuliko zote haimo katika orodha hiyo. Panya hajui, wala hawezi kutuambia, kama kilichomtuliza kimetengenezwa na mti au kimeingia mtini kutoka nje.

Tuurudie mti wetu. Mwaka 2010 watafiti wa Nigeria walitoa matokeo yao juu ya Nauclea latifolia, wakionyesha kwamba hupunguza maumivu, uvimbe na homa katika panya. Mwaka 2011 Germain Sotoing Taïwe, Elisabeth Ngo Bum na wenzao wa Kameruni walitoa yao, juu ya maji yaliyochemshwa na mizizi, kama waganga wafanyavyo; homa ilishuka, na maumivu yalipungua. Hadi hapo hakuna la kubishaniwa. Kazi ilikuwa ya kawaida na ya heshima, ya namna ambayo vyuo vyetu vya Afrika vimefanya kwa mamia ya mimea. Hatua iliyofuata ilikuwa kutafuta ni kitu gani hasa kilichotuliza. Watafiti huligawa zao la mzizi mafungu mafungu, na kila fungu hupimwa tena kwa panya. Lisilotuliza hutupwa, linalotuliza hugawanywa upya, mpaka ibaki molekuli moja safi. Molekuli iliyobaki ilikuwa tramadoli.

Wala watafiti wale hawakuwa wazembe. Walifikiria kwamba maabara yenyewe ingeweza kuwa imechafuliwa, wakayakabidhi magome kwa maabara nyingine ziyachunguze kando, na zote zikatoa jibu moja. Kiasi walichokitaja kilikuwa kikubwa: asilimia 0.4 ya gome lililokauka, na zaidi. Tufanye hesabu. Gramu moja ya gome la namna hiyo ina miligramu 4 za tramadoli. Gramu 12 na nusu zatosha kuijaza kapsuli ya kawaida ya miligramu 50. Mtu aliyechemsha konzi moja ya magome alikuwa amemeza dozi ya hospitali bila kujua.

Hata hivyo palikuwa na jambo moja la kutia shaka tangu mwanzo. Molekuli ya tramadoli huweza kuwa ya pande mbili, kama mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Vimeng'enya vya viumbe hai kwa kawaida hutengeneza upande mmoja, au humpendelea mmoja dhidi ya mwenzake. Kiwanda hutoa zote mbili nusu kwa nusu. Tramadoli ya mizizini ilikuwa nusu kwa nusu.

Mwaka 2014, katika jarida lilelile, kundi la Michael Spiteller wa Dortmund, nalo likiwa na wanakemia wa Kameruni ndani yake, lilichapisha jibu ambalo kichwa chake kilikuwa swali: tramadoli ni zao la asili kweli? Watu hawa walikuwa wamekwenda kukusanya mizizi sehemu mbalimbali za nchi. Katika mizizi ya kusini hawakupata kitu. Tramadoli ilionekana katika Mkoa wa Kaskazini ya Mbali tu, na huko haikuwa katika mti wetu peke yake: ilikuwa katika mizizi ya mimea mingine mitano isiyo jamaa yake, katika udongo, na katika maji ya mahali hapo. Pamoja nayo walikuta vitu vitatu ambavyo mwili wa mnyama anyonyeshaye hutengeneza unapoivunjavunja tramadoli. Hiyo ndiyo hoja ambayo, kwa maoni yetu, ingetosha yenyewe. Kazi hiyo ya kuvunja hufanywa na ini, na mti hauna ini.

Ini lilikuwa la nani, basi? Wakulima walijua. Katika nchi ile yenye joto kali tramadoli hununuliwa sokoni bila cheti cha daktari, na watu huimeza ili wafanye kazi bila kuchoka. Na ng'ombe wa kulima hupewa pia, tena kwa kiasi kikubwa, ili waendelee kuvuta plau jua likiwa utosini. Ng'ombe hukojoa na kunya shambani, mvua huichukua dawa hadi ardhini, na mizizi huinywa pamoja na maji. Kisa chote kilikuwa wazi machoni pa kila mtoto mchungaji. Hakikuwamo katika kipimo chochote kati ya vile tulivyovieleza, kwa kuwa hakuna kipimo cha panya kinachouliza ng'ombe wa jirani wamelishwa nini.

Upande wa kwanza haukunyamaza, wala haukupaswa kunyamaza. Kiasi cha asilimia 0.4 kilikuwa kingi mno, walisema, kuwa mabaki ya mkojo. Mwaka 2015 wakatoa uchunguzi wa aina za atomu za kaboni zilivyopangika ndani ya molekuli, wakapendekeza njia ambayo mti ungeweza kuifuata ili kuitengeneza. Ilikuwa kazi ya ustadi. Lakini kuonyesha kwamba jambo lawezekana si kuonyesha kwamba limetendeka, na mwaka 2016 kundi la Dortmund lilileta ushahidi wa namna nyingine kabisa, ulioazimwa kwa wanaakiolojia.

Kila kiumbe hai huvuta ndani yake kaboni ya hewa, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ile yenye mnunurisho, iitwayo kaboni 14. Huoza polepole, nusu yake ikitoweka kila baada ya miaka 5,730 hivi. Petroli, iliyokaa ardhini mamilioni ya miaka, haina hata chembe yake iliyobaki. Basi tramadoli ikitengenezwa na mti ulio hai itakuwa na kaboni 14 kama ya hewa ya leo. Ikitengenezwa kwa vitu vitokanavyo na petroli, haitakuwa nayo. Walinunua vidonge katika soko la barabarani mjini Maroua, wakachukua udongo uliojaa dawa kutoka Houdouvou, wakaikamua tramadoli ya pande zote mbili na kuipima. Ya vidonge haikuwa na kaboni 14. Ya udongo pia haikuwa nayo. Wakapanda mti wenyewe katika maabara na kuzichunguza mbegu zake, na matokeo hayo nayo yakathibitisha kwamba dawa ilitoka nje ya mti.

Wapo waliokipokea kisa hiki kwa kicheko, kana kwamba kimewaumbua waganga wa Kameruni. Hatuwezi kukubaliana nao. Waganga hawakudai kamwe kwamba mti wao una tramadoli. Hilo lilikuwa dai la maabara. Wao walisema kwamba mzizi husaidia homa na maumivu, na gome la doundaké lilikuwa likisifiwa kwa homa miaka 80 kabla tramadoli haijabuniwa. Mzizi una alkaloidi zake wenyewe, strictosamide ikiwa mojawapo iliyo nyingi, na hizo hakuna ng'ombe aliyezileta. Aliyeumizwa na kisa hiki ni mgonjwa. Anayechemsha mizizi ya Kaskazini ya Mbali huweza kunywa dawa yenye tabia ya afyuni, inayoweza kumzoesha mtu hadi ashindwe kuiacha, bila kipimo na bila onyo, akiamini kwamba kwa kuwa ni ya miti haina madhara. Na anayechota maji kisimani hakuomba dawa yoyote.

Imani hiyo ya mwisho imejengwa juu ya neno moja. Mjini Lubumbashi twasema munganga, na tukilisema twamwona daktari wa hospitali. Ndugu zetu wa Tanzania wakisema mganga, mara nyingi wamwona mtu mwenye mizizi na vibuyu. Dawa nazo tumezigawa hivyohivyo, za kizungu upande huu na za asili upande ule. Neno asili lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya shina na chanzo, mahali kitu kilipoanzia. Katika matumizi ya sasa maana hiyo imefifia. Asili imekuwa sifa ya kitu kisichopita kiwandani, na kwa hiyo kitu salama. Watafiti wa mwaka 2013 waliutazama mzizi uliochimbwa porini, wakaona ni wa asili kwa maana hii ya pili, na maana ya kwanza ikawaponyoka. Tramadoli ile asili yake ilikuwa kiwandani, kisha sokoni Maroua, kisha tumboni mwa ng'ombe, kisha udongoni. Mti ulikuwa kituo cha tano.

Limebaki deni moja. Ikiwa mizizi iliyochemshiwa panya katika majaribio ya kwanza ilichimbwa katika ardhi yenye tramadoli, basi nafuu waliyoipata haiwezi kugawanywa tena, hii ya mti na hii ya kidonge. Itabidi kazi ianzwe upya kwa mizizi iliyochimbwa mahali ambapo udongo wake umepimwa kwanza, bamba la moto na karagenani zikifuata baadaye. Mti huo upo katika savana zetu pia, na kuna mashamba ya Kongo ambayo hayajawahi kuona ng'ombe wa plau.